Mahbub ul Haq na zile familia 22

Kila mwaka bajeti ikisomwa tunaambiwa uchumi umekua kwa asilimia kadhaa. Mwanafunzi ananakili tarakimu hiyo darasani, kisha anapiga simu nyumbani na kuambiwa ada ya mdogo wake bado haijapatikana. Tarakimu si ya uongo, na simu nayo si ya uongo. Katika toleo hili tunamkumbuka Mwislamu aliyeishi katikati ya mambo hayo mawili, aliyefariki wengi wetu tukiwa hatujazaliwa: Dkt. Mahbub ul Haq wa Pakistan, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka 1934, enzi India ikiwa bado chini ya Mwingereza. Nchi ilipogawanywa mwaka 1947 alikuwa kijana wa miaka 13, na Pakistan ndiyo ikawa nchi yake. Alisoma Lahore, kisha akaenda Cambridge, Uingereza. Huko alikutana na kijana mwingine wa Kibengali, Amartya Sen, ambaye miaka mingi baadaye angepata tuzo ya Nobel ya uchumi. Nchi zao zilipigana vita zaidi ya mara moja. Urafiki wao haukukatika. Kutoka Cambridge Haq alivuka kwenda Yale, Marekani, akachukua shahada ya udaktari.

Alirudi nyumbani akiwa bado kijana mbichi, akaajiriwa katika Tume ya Mipango, na baadaye akawa mchumi wake mkuu. Hii ilikuwa enzi ya Jenerali Ayub Khan. Mawazo ya Haq wakati ule tuyaseme wazi, maana ndiyo yanayokipa kisa hiki uzito. Aliamini kwamba nchi maskini haina anasa ya kugawana umaskini. Kwanza keki iwe kubwa. Wenye viwanda waachwe wapate faida, waweke akiba, wajenge viwanda vingine. Habari za usawa na huduma za jamii zingoje. Hayo aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya mipango ya uchumi ya Pakistan.

Na keki ilikua kweli. Katika miaka ya 1960 uchumi wa Pakistan ulikua kwa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka kwa wastani. Wageni walikuja kujifunza. Mwaka 1968 serikali ilifanya sherehe za kile ilichokiita Muongo wa Maendeleo.

Mwaka huohuo, Karachi, Haq alisimama mbele ya watu akatoa hesabu nyingine. Alieleza kwamba familia 22 zilikuwa zimeshika kiasi cha theluthi mbili ya mali za viwanda vya nchi nzima, na asilimia 80 ya mabenki, pamoja na sehemu kubwa ya bima. Wakati huohuo, alisema, mishahara halisi ya wafanyakazi wa viwandani ilikuwa imeshuka. Ujue namna mchezo ulivyokwenda: leseni za kuagiza mashine na fedha za kigeni zilitolewa na ofisi za serikali, na mwenye benki yake mwenyewe hakuhitaji kubembeleza mkopo. Aliyekuwa nacho akaongezewa. Upande wa Mashariki, ambako jute ililetea nchi fedha nyingi za kigeni, watu waliona matunda yakiliwa Magharibi.

Aliyekuwa akisema hayo hakuwa mpinzani wa serikali. Alikuwa ndiye mpangaji wenyewe. Mimi ninapokifikiria kisa hiki, hapa ndipo ninaposimama muda mrefu zaidi. Wachumi wengi mipango yao ikiharibika humlaumu waziri, mvua, au bei ya soko la dunia. Huyu alifungua daftari lake mwenyewe.

Ile tarakimu 22 ikatoka mikononi mwake. Ikaingia mitaani na kwenye mikutano ya hadhara. Ghasia zilianza mwishoni mwa 1968, na Machi 1969 Ayub Khan akaachia madaraka. Zulfikar Ali Bhutto aliishika hoja ya familia hizo katika siasa zake, na alipotawala akataifisha viwanda vikubwa. Mwaka 1971 upande wa Mashariki ulijitenga kwa damu nyingi, ukawa Bangladesh. Sababu za kujitenga zilikuwa nyingi, zikiwemo za lugha na za kura, lakini malalamiko ya mali yalikuwa mbele kabisa.

Haq mwenyewe mwaka 1970 alikwenda Washington kufanya kazi Benki ya Dunia, akawa miongoni mwa washauri wa rais wake, Robert McNamara. Mkutano wa benki hiyo wa mwaka 1973 ulifanyika hapa jirani, Nairobi, na ndipo McNamara alipotangaza kwamba fedha za maendeleo lazima zimfikie mkulima mdogo wa kijijini. Miaka mitatu baadaye Haq alitoa kitabu chake kuhusu pazia linalotenganisha matajiri na maskini wa dunia, na ndani yake akayakosoa makosa yake ya zamani bila kujificha.

Mwaka 1982 alirudi Pakistan, safari hii chini ya jenerali mwingine, Zia ul Haq. Akawa waziri wa mipango, kisha wa fedha. Kuna wanaomlaumu kwa kuwatumikia majenerali wawili, na lawama hiyo haifutiki kirahisi. Katika kipindi hicho ilianzishwa kodi ya ziada kwenye bidhaa zinazoingia nchini, ikaitwa Iqra, kwa nia ya kugharimia elimu. Jina zuri kama hilo! Lakini walalamikaji walisema fedha nyingi zilipotelea katika matumizi mengine ya serikali kabla ya kufika madarasani.

Kazi yake kubwa ilikuja alipohamia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa mwaka 1989. Alitaka kipimo kitakachoshindana na pato la taifa. Rafiki yake Sen alisita: maisha ya watu, aliona, hayawezi kubanwa ndani ya namba moja. Haq alimjibu kwamba bila namba moja mawaziri wataendelea kuangalia pato peke yake. Basi ipatikane nyingine nyepesi kama hiyo, ila isiyo kipofu. Sen akakubali kusaidia. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 1990, ikipima mambo matatu: watu wanaishi miaka mingapi, wamepata elimu kiasi gani, na kipato chao. Mara moja mambo yaliyofichwa na pato la taifa yakaonekana. Saudi Arabia ilikuwa na kipato cha mtu mara nyingi kuliko Sri Lanka, lakini Sri Lanka ndiko watu walikoishi miaka mingi zaidi, na ndiko wengi zaidi walikojua kusoma. Serikali zilizojikuta chini kwenye orodha zilinung'unika. Haq hakuona ubaya, maana alitaka wasome orodha hiyo na kuulizana.

Ripoti ya mwaka 1994 ilisema usalama wa mtu si bunduki tu, bali pia chakula, kazi na matibabu. Mwaka uliofuata alirudi Islamabad akaanzisha kituo cha utafiti, ambacho kililinganisha hadharani gharama za majeshi ya India na Pakistan na fedha zinazokwenda shuleni na hospitalini.

Alifariki New York tarehe 16 Julai 1998, akiwa na umri wa miaka 64. Ripoti ya kituo chake ya mwaka huo ilihusu watoto wa Asia ya Kusini wasiokwenda shule.