Mzee Ojwang': Mwigizaji Aliyeazima Lafudhi ya Jirani

Katika historia ya vichekesho vya runinga nchini Kenya, ni majina machache yaliyoenea kama Ojwang' Hatari. Watazamaji wengi waliamini kwamba aliyelibeba jina hilo alikuwa Mjaluo. La hasha! Marehemu Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, na hapo ndipo ulipo ustadi wake.

Wanjau alijipatia umaarufu katika kipindi cha Vitimbi kuanzia miaka ya 1980, akiwa mume mbishi wa Mama Kayai, mhusika aliyeigizwa na Mary Khavere. Alionekana pia katika Darubini na Vioja Mahakamani. Vitimbi kilirushwa na Sauti ya Kenya, shirika lililogeuzwa kuwa KBC mwaka 1989. Kwa kuwa hapakuwa na kituo kingine cha runinga nchini hadi mwaka 1990, aliyewasha runinga Mombasa, Kisii au Nyamira alikutana na Ojwang'.

Mwanafunzi wa fonolojia ana mengi ya kujifunza hapa. Dholuo haina sauti /sh/ wala /z/, hivyo mzungumzaji wake huelekea kutumia /s/ badala ya zote mbili. Kikuyu, kinyume chake, kina /sh/ ilhali /s/ si sauti yake ya asili. Ili awe Ojwang', Wanjau alilazimika kuyaacha mazoea ya lugha yake ya kwanza na kushika yaliyo kinyume nayo, tena bila kuteleza, kipindi baada ya kipindi.

Yamkini msomaji atauliza: je, huko si kumdhihaki jirani? Swali hili linatugusa sisi wa Kisii na Nyamira, tunaopakana na Wajaluo na ambao lafudhi yetu pia huigizwa jukwaani. Jibu limo katika kiini cha kicheko. Dhihaka humfanya mtu mjinga kwa sababu ya kabila lake. Ojwang' alichekesha kwa ubishi wake, hila zake zilizomgeukia, na kiburi cha mume asiyesikilizwa na mkewe. Hayo hayana kabila. Lafudhi ilimpa mhusika makao. Haikumpa makosa yake.

Umaarufu, hata hivyo, haukumletea ukwasi. Uzeeni macho yake yalipofifia, wananchi walichanga fedha ili atibiwe. Alifariki dunia tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78, akazikwa Lang'ata. Ni aibu kwamba msanii aliyelichekesha taifa kwa takriban miongo mitatu alihitaji mchango ili aone.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa Wanjau methali hiyo imepwaya: zaidi ya miaka kumi baada ya kifo chake, tungali tukiisikia lafudhi aliyoiazima, na aliitumia kwa heshima.