Robert Hooke: Mwanasayansi aliyegundua siri ya springi, akaificha kwenye fumbo

Mwaka 1676 wasomi wa London walikuta kitu cha ajabu mwishoni mwa kitabu kidogo cha mwanasayansi Robert Hooke. Zilikuwa herufi 14, zimepangwa kwa mfuatano wa alfabeti, hazisomeki wala hazina maana yoyote.

Hooke hakueleza chochote. Alinyamaza kwa miaka miwili.

Mwaka 1678 ndipo alipofumbua fumbo lake. Kumbe ukizipanga upya herufi zile unapata maneno manne ya Kilatini, yanayomaanisha kuwa kitu huvutika kulingana na nguvu inayokivuta. Leo kila mwanafunzi wa fizikia anaijua: ndiyo Kanuni ya Hooke.

Yatima wa kasisi

Hooke alizaliwa mwaka 1635 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi na alifariki mwaka 1648, kijana akiwa na miaka 13 tu.

Akaenda London. Alianza kujifunza uchoraji lakini hakudumu, akaingia shule ya Westminster na baadaye Chuo Kikuu cha Oxford. Huko akawa msaidizi wa mwanasayansi tajiri, Robert Boyle, na kumtengenezea pampu ya hewa.

Mikono yake ndiyo iliyompa jina. Mwaka 1662 chama cha wanasayansi, Royal Society, kilimpa kazi ya kuandaa majaribio kwa ajili ya mikutano yake. Mwaka 1665 akatoa kitabu cha vitu alivyoviona kwa hadubini, na humo ndimo neno seli lilipoanza kutumika kwenye sayansi.

Waya, sahani na mizigo

Jaribio la springi halikuwa na mambo makubwa. Hooke aliining'iniza, akafunga sahani ya mizani chini yake, kisha akaongeza uzito kidogo kidogo huku akipima springi imeshuka kiasi gani.

Jibu lilikuwa lile lile kila mara. Yaani kama kilo 1 inaivuta springi sentimita 2, basi kilo 2 zitaivuta sentimita 4, na kilo 3 sentimita 6. Ukitoa mzigo, inarudi ilipokuwa. Ndiyo maana alama za mizani ya springi, ile ya kuning'iniza, zinaachana kwa nafasi sawa.

Lakini Hooke hakuishia kwenye springi. Alipima pia waya zilizonyooka, nyingine zikifika urefu wa karibu mita 12, na hata fimbo ya mti mkavu. Zote zilifuata kanuni ile ile.

Hapo ndipo uzito wa ugunduzi wake ulipo. Chuma, mti, jiwe, kioo, vyote vinakubali kidogo vikibebeshwa mzigo, hata kama jicho halioni.

Kwa nini alificha?

Hooke alikuwa na ndoto ya kutengeneza saa ya mfukoni inayoongozwa na springi, na aliogopa kuibiwa wazo. Mwaka 1675 Mholanzi Christiaan Huygens alitangaza saa ya namna hiyo. Hooke alikasirika sana, akidai yeye alikuwa na wazo hilo miaka mingi kabla.

Fumbo la herufi lilikuwa kinga yake. Kama mtu mwingine angetangaza kanuni ya springi, Hooke angeonyesha kuwa yeye aliiandika mapema. Alidai aliijua kwa miaka 18 kabla ya kuitoa hadharani.

Kikomo cha kuvutika

Kanuni yake ina mipaka. Ukikunja kijiko kidogo kinarudi, ukikikunja sana kinabaki kimepinda. Waya nao ni hivyo hivyo: ukipita kikomo chake haurudi tena urefu wake, na ukizidi kuuvuta unakatika.

Waliokuja baada ya Hooke waliongeza vipimo. Mwaka 1807 Mwingereza Thomas Young alieleza kipimo cha ugumu wa kila malighafi. Miaka ya 1820 Mfaransa Augustin-Louis Cauchy alifafanua kihesabu jinsi nguvu inavyogawanyika ndani ya kitu, na jinsi kitu hicho kinavyobadilika umbo. Ndiyo maana waya mnene na waya mwembamba wa chuma kile kile havivutiki sawa kwa mzigo mmoja.

Ugomvi na Newton

Baada ya moto mkubwa wa London wa 1666, Hooke alipima viwanja na kusanifu majengo akiwa na rafiki yake Christopher Wren. Mnara wao wa kumbukumbu ya moto huo, wenye urefu wa takriban mita 61, bado umesimama.

Lakini na Isaac Newton hawakuiva. Hooke alimwandikia barua kuhusu nguvu ya uvutano, na kabla kitabu kikubwa cha Newton hakijatoka mwaka 1687 alitaka atambuliwe. Wazo alikuwa nalo, ila hesabu za kulithibitisha zilikuwa za Newton. Newton alichukia, akapunguza sehemu zilizomtaja Hooke.

Hooke alifariki Machi 1703, akiwa mpweke. Chumbani mwake likakutwa sanduku lenye maelfu ya pauni. Mwaka huo huo Newton akawa rais wa Royal Society.

Hadi leo hakuna picha ya Hooke iliyothibitishwa kuwa yake. Wapo wanaomlaumu Newton kwa kuipoteza, ila ushahidi haupo.

Sura yake haijulikani, lakini kanuni yake ipo kazini kila siku. Mhandisi anayepanga daraja, nguzo au springi za gari bado anaanza na swali la Hooke: mzigo huu utakivuta kitu hiki kiasi gani, na je, kitarudi?