Anders Chydenius: Mchungaji aliyefungua kabati la serikali

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kujua ofisi ya ardhi ya wilaya yake ilitoa hati ngapi mwaka uliopita, au maombi mangapi bado yamelala katika majalada, leo hii anaweza kuandika barua na kuomba takwimu hizo kwa mujibu wa sheria. Kenya na Tanzania zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Uganda ilikwisha kuzitangulia mwaka 2005, na Rwanda mwaka 2013.

Wapo wanaodhani kuwa haki hiyo ni jambo la juzi, lililokuja pamoja na kompyuta na semina za utawala bora. La hasha. Sheria ya kwanza duniani iliyompa raia wa kawaida ruhusa ya kuingia katika ofisi ya serikali na kudai kuona maandishi yaliyomo ilitolewa tarehe 2 Desemba 1766 katika ufalme wa Uswidi, miaka 250 kabla ya zile za Kenya na Tanzania.

Mtu anayetajwa kuliko wote kwa kuipigania hakuwa waziri, mwanasheria wala mwandishi wa habari. Alikuwa mchungaji msaidizi wa kanisa la kijijini, aitwaye Anders Chydenius. Katika nchi yake ya Ufini heshima aliyopewa ni kubwa: picha yake ilichapishwa katika noti ya markka 1,000 iliyotolewa mwaka 1986, nayo ikatumika hadi sarafu ya euro ilipochukua nafasi yake mwaka 2002.

Mtoto wa kaskazini

Chydenius alizaliwa tarehe 26 Februari 1729 huko Sotkamo. Wakati huo Ufini haikuwa dola, bali sehemu ya mashariki ya ufalme wa Uswidi, na mambo yote makubwa yaliamuliwa Stockholm, ng'ambo ya bahari. Baba yake, Jakob, alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Anders alipokuwa mdogo familia ilihamia Kuusamo, mbali zaidi kaskazini, katika nchi ya misitu na baridi kali ambako mavuno yaliweza kuuawa na barafu kabla ya kukomaa.

Kijana huyo alisoma katika chuo kikuu cha Turku na kile cha Uppsala, na mwaka 1753 akapata shahada yake. Mwaka huohuo alipelekwa kuwa mchungaji msaidizi wa Alaveteli, karibu na mji wa Kokkola katika pwani ya magharibi ya Ufini. Mwaka 1755 alimwoa Beata Magdalena Mellberg. Hawakujaliwa kupata watoto.

Katika kijiji hicho mchungaji alikuwa pia tabibu na bwana shamba. Chydenius aliwachanja watu dhidi ya ndui wakati jambo hilo lilipokuwa bado geni na la kutisha, akapasua macho yenye mtoto wa jicho, akatengeneza dawa, na akakausha maeneo ya kinamasi ili yalimike. Aliwajua waumini wake kwa majina, kwa maradhi na kwa madeni yao.

Hesabu zilizokuwa siri

Kulikuwa na kazi nyingine iliyowaangukia wachungaji wa Uswidi wa zama hizo. Kuanzia mwaka 1749 serikali iliwatumia kukusanya takwimu za watu: waliozaliwa, waliokufa, magonjwa yaliyowaua, umri wao na shughuli zao. Nchi chache mno duniani zilikuwa na hesabu kamili kama hizo.

Hata hivyo, majumlisho yalipofika Stockholm yalifungiwa. Ilionekana kuwa watu wa ufalme ni wachache kuliko ilivyodhaniwa, na wakubwa wakahofia kuwa adui angeutambua udhaifu huo. Kwa miaka ya mwanzo, basi, takwimu zilizokusanywa kutoka kwa wananchi zilitunzwa kama siri ya dola, na wananchi wenyewe hawakuruhusiwa kuziona.

Mambo ya fedha yalikuwa ya siri zaidi. Bunge la Uswidi lilikuwa la matabaka manne, yaani makabaila, wachungaji, wafanyabiashara wa mijini na wakulima. Masuala ya mambo ya nje, ulinzi na benki yalishughulikiwa na chombo kilichoitwa Kamati ya Siri, ambamo kwa kawaida wakulima hawakuwa na kiti. Waliolipa kodi nyingi hawakujua fedha ilikwenda wapi.

Lami na chumvi

Kilichomtoa Chydenius kijijini kilikuwa lami. Wakulima wa pwani yake walichoma misonobari na kukamua lami iliyopakwa kwenye mbao za meli, kama vile mabaharia wa mwambao wetu walivyopaka vyombo vyao sifa na shahamu. Mataifa yenye merikebu nyingi yaliihitaji sana. Lakini kwa amri za tangu karne ya 17, miji ya pwani hiyo haikuruhusiwa kuuza bidhaa moja kwa moja nchi za nje. Ilibidi lami ipitie Stockholm kwanza, na wafanyabiashara wa huko ndio waliopanga bei.

Chydenius aliifanya kesi hiyo kuwa yake. Bunge lilipoitishwa Stockholm mwaka 1765 alikwenda kama mwakilishi wa wachungaji, akiwa na umri wa miaka 35. Mwaka huohuo Kokkola na miji mingine kadhaa ilipata ruhusa ya kufanya biashara na nchi za nje, baada ya kuikosa kwa zaidi ya miaka 100.

Hakuishia hapo. Alitoa vijitabu mfululizo. Kimoja kilishambulia amri ya mwaka 1724 iliyozizuia meli za kigeni kuleta bidhaa zisizotoka katika nchi zao, akionyesha jinsi amri hiyo ilivyompandishia mwananchi bei ya chumvi huku ikiwanenepesha wenye meli wachache. Kingine kilieleza kuwa faida ya taifa hutokana na watu kuachwa huru kuchagua kazi na biashara zao. Wanahistoria wa uchumi hupenda kukumbusha kuwa alikichapisha miaka 11 kabla ya Adam Smith wa Scotland kutoa kitabu chake mashuhuri kuhusu utajiri wa mataifa.

Katika mapambano hayo Chydenius aligundua kwamba kila alipotaka kujenga hoja alihitaji karatasi zilizokuwa mikononi mwa watu aliowapinga. Mwenye takwimu angeweza kusema lolote, na asiye nazo asingeweza kumjibu.

Sheria ya 1766

Uswidi wakati huo ilikuwa na mkaguzi wa maandishi aliyeajiriwa na serikali, na hakuna kitabu kilichopigwa chapa bila idhini yake. Mwaka 1759 Peter Forsskål, mzaliwa wa Helsinki na mwanafunzi wa mtaalamu wa mimea Carl Linnaeus, alichapisha kijitabu kuhusu uhuru wa raia. Wakuu wakaamuru nakala zikusanywe. Forsskål aliondoka baadaye na msafara wa kisayansi wa Denmark kwenda Arabuni, akafia Yemen mwaka 1763 kabla ya kuona fikra zake zikipata nguvu.

Chydenius aliiendeleza kazi hiyo. Aliandika waraka wa kudai uhuru wa kuchapa, uliowasilishwa bungeni mwaka 1765 kwa jina la mwakilishi mwingine, Anders Kraftman. Kisha akafanya kazi katika kamati ya bunge iliyoundwa kulichunguza suala hilo, na huko mawazo yake yakawa mhimili wa mapendekezo.

Sheria iliyotokana na kazi hiyo ilifuta cheo cha mkaguzi wa maandishi, ingawa vitabu vya dini viliendelea kukaguliwa na wakuu wa kanisa. Jambo la ajabu zaidi lilikuwa sehemu yake ya pili. Nyaraka za mahakama na za ofisi za serikali, barua na kumbukumbu za maamuzi, zilitangazwa kuwa wazi kwa kila mtu, isipokuwa zile chache zilizohitaji kufichwa. Mwananchi angeweza kuzinakili na kuzichapisha. Ofisa aliyekataa kuzitoa, au aliyemzungusha mwombaji, aliwekewa adhabu ya kupoteza cheo chake.

Ieleweke kuwa hapo awali mwananchi ndiye aliyepaswa kueleza kwa nini anataka kuona. Kuanzia siku hiyo ofisa ndiye aliyepaswa kueleza kwa nini anaficha.

Kufukuzwa

Sheria ilipotiwa saini mwezi Desemba, Chydenius hakuwapo bungeni. Alikuwa amekwisha kufukuzwa.

Siasa za Uswidi ziligawanyika kati ya vyama viwili, vilivyojulikana kama Kofia za Pama na Kofia za Kulalia. Kofia za Pama walikuwa wametawala kwa miaka mingi, wakaiingiza nchi vitani na kuchapa fedha za karatasi hadi thamani yake ikaanguka. Kofia za Kulalia, chama alichokiunga mkono Chydenius, waliposhika hatamu mwaka 1765 waliazimia kuirudisha thamani hiyo juu kwa nguvu.

Chydenius aliona hatari. Alichapisha kijitabu akieleza kuwa mpango huo ungewakandamiza wenye madeni na kuua biashara, na kwamba ingefaa thamani ya fedha iachwe pale ilipofikia. Wenzake wa chama walichukizwa na mtu aliyekosoa hadharani uamuzi ambao bunge lilikwisha kuupitisha. Katikati ya mwaka 1766 tabaka la wachungaji likamwondoa bungeni.

Miaka miwili iliyofuata ilithibitisha hofu yake. Fedha ikawa adimu, biashara zikafungwa, na mwaka 1769 Kofia za Kulalia wakapoteza madaraka. Hata hivyo, mtu aliyepigania haki ya kila raia kuihoji serikali alikuwa ameadhibiwa na marafiki zake mwenyewe kwa kuitumia haki hiyo.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1770 Chydenius aliteuliwa kuwa mchungaji mkuu wa Kokkola, wadhifa ambao baba yake aliushika kabla yake. Miaka miwili baadaye, Agosti 1772, Mfalme Gustav III alifanya mapinduzi na kulinyang'anya bunge sehemu kubwa ya madaraka yake. Mwaka 1774 alitoa kanuni mpya za uchapaji zilizoubana uhuru wa mwaka 1766. Sheria ile ilikuwa imeishi miaka sita tu kabla ya mapinduzi hayo.

Mchungaji huyo hakukata tamaa. Aliporudi bungeni mwaka 1778 aliwatetea watumishi wa majumbani na mashambani, ambao mabwana walitaka wafungwe zaidi na sheria za mishahara na mikataba. Katika bunge hilohilo alipendekeza wageni wa madhehebu mengine waruhusiwe kuabudu kwa uhuru, jambo lililowaudhi wachungaji wenzake wengi. Mwaka 1781 Wakristo wasio Walutheri walipata uhuru huo kisheria. Alihudhuria bunge mara ya mwisho mwaka 1792, mjini Gävle.

Chydenius alifariki Kokkola tarehe 1 Februari 1803, akiwa na umri wa miaka 73. Hakuuona ufufuo wa kazi yake. Mwaka 1809 Uswidi iliipoteza Ufini kwa Urusi, mfalme akapinduliwa, na katiba mpya ikaandikwa. Mwaka 1810 sheria mpya ya uhuru wa uchapaji ilirejesha haki ya raia kuona nyaraka. Leo haki hiyo ni sehemu ya katiba ya Uswidi, katika sheria ya mwaka 1949. Kwa kawaida mwombaji hatakiwi kutaja jina lake wala kueleza sababu ya ombi lake.

Urithi wake

Nchi nyingine zilichelewa sana. Marekani ilipata sheria yake mwaka 1966, ilipotiwa saini na Rais Lyndon Johnson, miaka 200 baada ya ile ya Uswidi. Afrika Kusini na Uingereza zilipitisha za kwao mwaka 2000, na ile ya Uingereza ikaanza kutumika kikamilifu mwaka 2005.

Huku kwetu, sheria ya Kenya humpa ofisa siku 21 za kumjibu mwombaji, na ya Tanzania siku 30. Haki hiyo, hata hivyo, huanza kufanya kazi pale mtu anapoandika barua. Mwombaji wa takwimu za utendaji hana budi kutaja ofisi, mwaka na hesabu anayoitaka: kwa mfano, maombi yaliyopokelewa, yaliyomalizwa, yaliyobaki, na muda uliotumika. Ombi la jumla jumla humpa ofisa mwanya wa kujibu kwa maneno matupu, ilhali swali linalodai tarakimu hudai jibu la tarakimu, au kukataliwa kwa maandishi kunakoweza kukatiwa rufaa.

Aidha, historia ya mchungaji wa Alaveteli inaonya kuwa haki hii huweza kunyang'anywa. Mfalme mmoja alitosha kuibana, na ilichukua zaidi ya miaka 30 kuirejesha. Mkulima wa lami wa Kokkola alihitaji kujua nani hupanga bei na kwa amri gani. Mkazi wa mjini leo anahitaji kujua hospitali ya wilaya ilipokea dawa kiasi gani na zilikwenda wapi. Majibu ya maswali hayo yameandikwa mahali fulani, katika jalada lililogharimiwa na kodi ya muulizaji.