Mshipa uliomuua Einstein leo una tiba mbili, ipi ina nafuu mfukoni?

Albert Einstein tunamjua kwa nywele timutimu na fizikia. Kilichomuua wengi hawakijui: aota, mshipa mkuu wa damu, ulimvimba tumboni kama puto, mwisho ukapasuka.

Alizaliwa Ulm, Ujerumani, mwaka 1879, akapata Nobel ya mwaka 1921. Hitler alipoingia madarakani 1933, Einstein, Myahudi, akahamia Princeton, Marekani.

Tumbo lilimsumbua muda mrefu. Desemba 1948, akiwa na miaka 69, alipasuliwa Brooklyn na Rudolph Nissen, Myahudi mwingine aliyeikimbia Ujerumani mwaka uleule wa 1933. Nissen akakuta uvimbe mkubwa kama balungi. Mshipa wa bandia wa kupachika haukuwepo, kwa hiyo akauzungushia selofani. Ndiyo, ile karatasi angavu ya kufungia vyakula! Lengo lilikuwa mwili utengeneze kovu la kuushikilia. Ukashika zaidi ya miaka sita. Si haba.

Aprili 1955 ukaachia. Daktari bingwa kutoka New York akaja kumshauri apasuliwe tena, maana miaka minne nyuma, huko Paris, Charles Dubost alishaonyesha kwamba uvimbe wa namna hiyo unaweza kukatwa na kuwekewa mshipa wa mtu aliyefariki. Mzee akagoma. Hakutaka maisha ya kuongezewa kwa nguvu. Akaagiza miwani na mahesabu yake aletewe hospitalini, akafariki usiku wa kuamkia tarehe 18, akiwa na miaka 76.

Leo angepewa njia mbili: kufunguliwa tumbo na kushonewa mrija wa kitambaa, au kupenyezewa mrija kupitia mshipa wa kinena, mbinu ambayo Juan Parodi wa Argentina aliifanya mwaka 1990.

Sasa bei. Tundu dogo halimaanishi bili ndogo, hapo wengi huingia mkenge. Wa tumbo analala siku nyingi, ICU ikiwemo, lakini mrija wake ukishakaa umekaa. Wa kinena anarudi nyumbani mapema, ila kifaa chenyewe ni ghali, kisha kuna CT scan mwaka baada ya mwaka, na wengine hurudishwa kurekebishwa kwa sababu damu inavuja pembeni ya mrija.

Utafiti wa Uingereza, EVAR 1, ulifuatilia wagonjwa 1,252 ambao uvimbe wao haujapasuka. Ndani ya siku 30 walifariki asilimia 1.8 wa kinena na 4.3 wa tumbo. Miaka ilivyosonga tofauti hiyo ikayeyuka, gharama ya kinena ikabaki juu.

Ila kwa uvimbe uliokwishapasuka, kama wa Einstein, hesabu inageuka. Utafiti mwingine wa hukohuko, IMPROVE, wenye wagonjwa 613, uliona kwamba baada ya miaka mitatu waliopangiwa kinena kwanza walikuwa wametumia pesa kidogo zaidi, na waliobaki hai walikuwa wengi zaidi.