Franco: Gitaa la mkebe lililouza mandazi ya mama

Ukisimama stejini mjini Nakuru jioni, hutakosa kuona matatu ikiingia na taa zake zikicheza na besi. Ngoma ikipiga, taa zinawaka. Ikinyamaza, zinazima. Hata kama huendi Njoro wala Free Area, lazima ugeuke utazame.

Sasa fikiria mchezo huohuo kwenye gitaa: ubao uliochonga mwenyewe, nyuzi sita, spika ya kuokota na taa zinazofuata sauti. Wazo tamu, na si la ajabu kwa kijana wa leo. Lakini kabla hujashika msumeno, hebu mjue jamaa mmoja aliyeanza na mkebe mtupu na akaishia kuwa mpiga gitaa maarufu kuliko wote Afrika ya kati.

Jina lake ni François Luambo Makiadi. Dunia inamjua kama Franco. Alizaliwa Julai 6, 1938, Sona-Bata, magharibi mwa Kongo, nchi ikiwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Alilelewa Léopoldville, jiji tunaloliita Kinshasa leo. Baba yake alifanya kazi ya reli, maisha ambayo mkazi wa Nakuru hahitaji kuelezwa, maana mji huu nao ulikuzwa na reli. Mama yake aliuza mandazi sokoni.

Franco alipokuwa na miaka saba hivi, alijiundia gitaa. Mwili ulikuwa mkebe. Nyuzi zilikuwa nyaya za stima zilizomenywa. Umeme wenyewe haukuwemo, ila nyaya zake tu.

Kumbe kifaa kile kilikuwa na kazi. Kijana alikaa karibu na meza ya mama na kupiga. Wapita njia wakageuka, wengine wakasimama, na mtu akishasimama karibu na mandazi ya moto, kuondoka bila kununua ni shida. Kabla hajapanda jukwaa lolote, Franco alishajifunza kumsimamisha mtu mwenye haraka zake.

Mwaka wa 1949 baba alifariki. Masomo ya Franco yakakatika, na mzigo wa familia ukamwangukia mama na meza yake. Watoto wengi wa mtaani hupotelea hapo. Bahati yake ilikuwa kwamba mpiga gitaa mmoja, Paul Ebengo Dewayon, alikuwa ameshakiona kipaji chake. Dewayon alimfundisha kupiga, kisha akamwingiza katika kundi lake, Watam. Kwa hiyo mkebe ulifungua mlango, lakini mtu ndiye aliyemshika mkono akaingia.

Mwaka wa 1953, akiwa na miaka 15 tu, Franco alirekodi katika studio ya Loningisa, iliyomilikiwa na mfanyabiashara Mgiriki, Basile Papadimitriou. Mwanamuziki Henri Bowane ndiye aliyemfupishia jina akawa Franco. Sasa mikononi mwake kulikuwa na gitaa la kiwandani, lakini vidole vilikuwa vilevile vya sokoni.

Juni 1956, yeye na wenzake walianzisha OK Jazz, jina lililotokana na baa waliyokuwa wakipiga, OK Bar. Gitaa la umeme likawa roho ya bendi hiyo. Franco alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, mara nyingi akigusa nyuzi mbili kwa pamoja, sauti ikatoka nene na yenye makali. Wimbo ulipofika sehemu ya sebene, waimbaji walinyamaza, magitaa yakachukua usukani na watu wakaingia uwanjani kucheza. Mashabiki wakamwita mchawi wa gitaa.

Maisha yake hayakuwa mteremko. Mwaka wa 1958 alifungwa kwa kosa la barabarani, na alipotoka watu walimpokea kama shujaa. Mwaka wa 1978 alirudi gerezani, safari hii kwa sababu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi. Katikati ya hayo alijua pia kuishi na wakubwa. Alimwimbia Mobutu sifa, na mwaka wa 1984 alimtolea wimbo wa kampeni. Ukimpenda Franco lazima umeze na hilo: yule aliyezisema tabia za mtaa bila kuogopa ndiye aliyempamba dikteta.

Mwaka wa 1985 akaja na Mario, kisa cha kijana msomi anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri. Wimbo huo ulivuma hapa Kenya si mchezo, na wengi waliousakata hawakujua Kilingala. Miaka miwili baadaye alitoa wimbo mrefu wa kuonya watu kuhusu Ukimwi, wakati ambapo wengi waliona aibu hata kuutaja. Alifariki Oktoba 12, 1989, nchini Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Zaire iliomboleza kwa siku nne. Nyimbo alizoacha zinatajwa kuwa zaidi ya 1,000.

Sasa turudi kwa fundi wetu wa Nakuru. Je, mkebe wa Franco unaweza kuwa gitaa la umeme? Unaweza, ila elewa kinachotendeka. Gitaa la umeme la kawaida hunasa mtetemo kwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya ule waya, na amplifaya huukuza. Nyaya za shaba, kama zilizo kwenye stima ya nyumbani, zingekataa, kwa sababu sumaku haizisikii. Utahitaji nyuzi za chuma. Waya wa breki ya baiskeli ukifumuliwa hukupa kadhaa za kuanzia.

Njia nyingine ni kutumia piezo, kile kidude bapa cha mviringo kama sarafu kilichomo ndani ya saa nyingi za alamu. Kibandike kwenye bati la mkebe. Chenyewe hakijali uzi ni wa nini, kinanasa mtetemo wa bati.

Na taa? Sauti ikishakuzwa, igawanye mara mbili. Tawi moja liende kwa spika, la pili kwa sakiti ndogo ya transista inayowasha taa za LED kila sauti inapopanda. Tumia betri. Usichomeke kazi ya majaribio kwenye soketi ya ukutani, maana stima ya nyumbani haina mzaha.

Lakini taa zina mtego wake. Zitawaka hata ukipiga ovyo, kwa sababu hufuata ukubwa wa sauti tu. Haziwezi kujua kama gitaa limepandishwa nyuzi vizuri au kama unachopiga kina ladha. Franco hakuwa na kitu cha kumfichia makosa. Akiboronga, mteja alipita na mandazi yakapoa.

Basi ukimaliza kuliunda, lijaribu bila taa kwanza. Kaa nje ya kibanda cha mama wa chapati pale mtaani, umwombe ruhusa, kisha upige. Watu wakianza kusimama, washa taa.