Herbert Chitepo

Herbert Wiltshire Chitepo (1923 – 18 Machi 1975) alikuwa mwanasheria na mwanasiasa wa Rhodesia ya Kusini (leo Zimbabwe), na Mwafrika wa kwanza nchini humo kuwa wakili wa mahakama kuu.

Mwaka 1962 alihamia Tanganyika akawa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Mwanzoni mwa 1966, akiwa mwenyekiti wa chama cha ZANU, aliiacha kazi hiyo, ambayo wengi wasingethubutu kuiacha, akaenda Zambia kuongoza mapambano.

Serikali ya walowezi ya Ian Smith ilikuwa imejitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965. Azimio namba 253 la Baraza la Usalama (1968) lilizitaka nchi zote kuzuia ndege zao kwenda Rhodesia na kutowapokea wasafiri wenye pasipoti yake. Afrika Kusini na Ureno hazikutii. Januari 1973 Smith alifunga mpaka na Zambia. Alipotaka kuufungua, Kenneth Kaunda alikataa, na mizigo ya Zambia ikazidi kupitia Mbeya na Iringa hadi bandari ya Dar es Salaam.

Katika mikoa hiyohiyo wapiganaji wa ZANU walifunzwa, kwenye kambi za Itumbi (Mbeya) na Mgagao (Iringa). Kwao njia ya kurudi nyumbani ilikuwa kuvuka mpaka wakiwa na silaha.

Chitepo mwenyewe hakurudi. Aliuawa Lusaka kwa bomu lililotegwa katika gari lake. Zambia iliwakamata viongozi wengi wa ZANU, na mwaka huohuo wapiganaji wa Mgagao waliandika waraka wa kumkataa Ndabaningi Sithole na kumuunga mkono Robert Mugabe. Mwaka 1981 mabaki ya Chitepo yalizikwa upya nchini Zimbabwe.