Hedy Lamarr, mhamaji aliyefundisha mawimbi kuhama

Ukisimama hapa Bugarama simu yako huweza kunasa mitandao ya nchi tatu: Rwanda, Burundi na Kongo. Siku moja nilimpigia mteja wangu wa mchele, ng'ambo ya mto Ruzizi, kwa laini moja tu. Ikakatika tukiwa katikati ya bei. Nilipompata kesho yake, alishanunua kwa mwingine. Hasara ile ilinikumbusha maisha ya Hedy Lamarr.

Wengi humjua kama mwigizaji wa filamu wa Hollywood. Alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 9 Novemba 1914, katika familia yenye asili ya Kiyahudi. Aliolewa na Fritz Mandl, tajiri wa biashara ya silaha. Mwaka 1937 alimtoroka mumewe, akaihama nchi yake na kwenda kuanza upya Marekani.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, tatizo moja lilimkosesha usingizi. Kombora la majini linaloongozwa kwa redio hupotea njia adui akiyavuruga masafa yake, na hakuna ajuaye yatakayovurugwa ni yapi. Akishirikiana na mwanamuziki George Antheil, alipata jibu: usitegemee masafa ya aina moja. Mtumaji na mpokeaji waruke pamoja kutoka masafa hadi masafa, kwa mpangilio wanaoujua wao tu. Walipendekeza masafa 88, sawa na idadi ya vibao vya piano.

Hataza ilitolewa tarehe 11 Agosti 1942. Jeshi la majini likaiweka kando; yeye akaenda kuuza hati za mkopo wa vita. Muda wa hataza ukaisha bila kumpa hata senti. Heshima ilimfikia mwaka 1997, akiwa na miaka 82. Alifariki Florida tarehe 19 Januari 2000, na majivu yake yakapelekwa misitu ya Vienna. Ninyi mliorejea toka uhamishoni mtalielewa hilo.

Leo Bluetooth ya simu hutumia wazo kama hilo. Huweza kuruka kati ya masafa 79, mara 1,600 kwa sekunde, na yale inayoyaona yamevurugika huyaruka.

Nami sasa natembea na laini tatu. Lakini kwanza nilipatana na mteja wangu: hii ikikatika, tukutane kwenye ile. Njia nyingi hazifai kitu kama mwenzako hajui umehamia ipi.